Digidigi na Kabichi za Kiangazi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, siku ambazo kila nyumba ilikuwa na bustani nyuma ya jiko na hakuna aliyekwenda sokoni kutafuta mchicha, wanyama nao walikuwa na nyumba zao, majiko yao na bustani zao. Sogeeni hapa kivulini. Wewe, shika ungo vizuri, kunde zinamwagika.

Mimi nilisimuliwa habari hii na bibi yangu, mama wa mama, tukipukuchua kunde hivi hivi, katika kiangazi kama hiki, jua likichoma mpaka kuku wanaachama midomo. Jioni bibi alikuwa akinyunyiza maji kwenye matuta, pwaa, pwaa, na ile harufu ya udongo unaokunywa maji ilikuwa ikiingia mpaka ndani ya nyumba. Sijaisikia tena harufu kama ile. Lakini haya, tuendelee.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Mavumbini. Chini yake palikuwa na bonde lenye kijito, na kando ya kijito ndipo zilipokuwa bustani za kiangazi. Mvua zikishaisha na milima ikishageuka rangi ya majivu, mboga ya Mavumbini ilitoka bondeni tu. Usipolima bonde, huli.

Mbegu zote zilitunzwa na Bi Kanga, yule mwenye madoadoa. Alizitia ndani ya vibuyu, akavitundika kwenye dari ya jiko lake ili moshi uvipitie na wadudu wasizile. Zamani kila nyumba ilikwenda kwa Bi Kanga, ikachota mbegu iliyoitaka, basi. Bamia, kunde, mchicha, mlenda, nyanya chungu, kila mmoja alipanda kidogo cha kila kitu. Jioni ukipita kijijini ulisikia vyungu vyote vinachemka mboga moja, na majirani wanapelekeana bakuli.

Kisha wakaja Bwana Nyati na Mzee Kiboko na sheria yao.

"Kuanzia sasa," akasema Kiboko, sauti yake nzito, "mkubwa atachagua mbegu kwanza."

"Na mbegu ikishachaguliwa na mkubwa," akaongeza Nyati, "mdogo asiiguse!"

Nani abishe? Nyati alikuwa na pembe kama mihimili ya mlango. Kiboko akipiga miayo, mdomo wake ungeweza kumeza mtungi. Basi kiangazi cha kwanza cha sheria ile wawili hao wakachagua bamia, kunde na mchicha, wakajilimia bonde lote la chini penye unyevu. Wadogo wakaachiwa ukingo wa juu, mchanga mtupu, na mbegu kuukuu ambazo nusu yake haikuota.

Mwaka ule wadogo walipata taabu, wajukuu zangu. Mmoja wao alikuwa Digidigi.

Mnamjua Digidigi? Ni paa mdogo kabisa, miguu kama vijiti vya kufumia, macho makubwa, pua haitulii. Alikuwa na mume na mtoto mmoja aitwaye Sikujua, na kwa hiyo watu walimwita Mama Sikujua. Tena alikuwa na sifa ya ujanja kijiji kizima. Akikuambia leo ni Alhamisi, ulikwenda kumuuliza jirani.

Katika kiangazi kile cha njaa, Digidigi na mumewe walilazimika kuhama kwenda kutafuta majani mbali, ng'ambo ya vilima. Mama yake Digidigi alikuwa mzee, magoti yameisha.

"Nendeni tu, mwanangu," mama yake alimwambia. "Mimi nitawangojea hapa jikoni kwangu."

Waliporudi na mvua za kwanza, walilikuta jiko limepoa na mama hayupo tena duniani.

Digidigi aliketi kwenye kigoda cha mama yake, akakumbuka alivyokuwa akimfundisha kupanda. Yule mama alikuwa akichota udongo saa ya adhuhuri, anaushika kiganjani, anaupeleka shavuni. Kisha anasema, "Wakati wa kuchagua mbegu, usiliulize tumbo linapenda nini. Liulize jua."

Kiangazi cha pili kikakaribia. Digidigi akamwambia mumewe, "Mwaka huu hatuhami."

"Tutakula nini, Mama Sikujua? Wale wawili watachukua tena bamia na kunde."

"Hawatachukua."

"Utawazuia kwa pembe gani? Hizi zangu ukucha ni mrefu kuliko zenyewe!"

"Nyamaza kwanza, mume wangu. Bado nafikiri."

Akafikiri siku ya kwanza, akafikiri ya pili. Siku ya tatu akatua Korongo, yule mchuuzi mwenye miguu mirefu, anayezunguka nchi na nchi. Alikuwa ametoka milimani, mbali sana, na mgongoni alikuwa na mkoba wa mbegu ngeni na kapu lenye majani mabichi. Wanyama wote wakakusanyika uani kwa Bi Kanga.

"Tazameni!" Korongo akatoa kitu cha mviringo, kikubwa kama kichwa cha Nyati. "Hii inaitwa kabichi. Hii hapa saladi. Hizi karoti. Hizi njegere. Onjeni, onjeni!"

Nyati akauma kabichi. Kwachu! Akauma tena. Kwachu, kwachu!

"Aaah!" akasema, amefumba macho. "Baridi! Tamu! Ina maji ndani!"

Kiboko akatupia saladi nzima mdomoni, akafuatisha karoti kumi. "Lo! Lo! Na sisi miaka yote tunakula mlenda unaoteleza kama makamasi!"

Wote wakaonja, wote wakasifu. Digidigi alionja jani moja dogo. Lilikuwa tamu kweli. Lakini aliliweka shavuni kabla ya kulitafuna, akalisikia baridi yake. Watu walipokuwa wanagombania karoti, akamvuta Korongo pembeni.

"Shikamoo, Mzee Korongo. Huko milimani kabichi hii inapoota, asubuhi kukoje?"

"Marahaba, mwanangu. Weee! Asubuhi umande unaganda kama chumvi. Mimi nalala nimejifunika mabawa yote mawili na bado meno yangenigongana, kama ningekuwa na meno."

"Na adhuhuri?"

"Adhuhuri ukungu. Jua la huku kwenu hawalijui."

"Ahsante, mzee wangu," akasema Digidigi. Pua yake ikacheza mara tatu. Akarudi nyumbani mbio, ti-ti-ti-ti!

"Baba Sikujua! Nimepata! Kesho kwenye kuchagua mbegu, nitasema ukweli mtupu."

Mumewe akamtazama kwa mashaka. "Wewe?"

"Mimi. Neno kwa neno. Nawe usinicheke. Ukiniona nalia, lia na wewe."

Kesho yake, jua limepanda, Bi Kanga akaviteremsha vibuyu vyake, akavipanga uani. Upande mmoja bamia, kunde, mchicha, mlenda na nyanya chungu. Upande wa pili mkoba wa Korongo. Kijiji kizima kikasimama duara.

Nyati akapiga hatua. Akatazama mkoba, akameza mate. Akatazama kibuyu cha bamia.

"Hm," akasema. "Kabichi ni tamu. Lakini bamia tumeizoea. Mwaka jana ilituvusha. Kiboko, unaonaje?"

"Bamia haina hasara," akasema Kiboko. "Tumbo langu linataka kabichi, lakini..."

Pale pale, tifu! Digidigi akajitupa mbele yao vumbini, akaukumbatia mkoba wa Korongo kwa miguu yote minne.

"Shikamooni wazee wangu! Nawaombeni, nawaombeni sana, msichukue kabichi!"

Wanyama wote wakashangaa. "Heee!"

"Na kwa nini tusichukue?" Nyati akauliza, jicho limeanza kukunjamana.

"Kwa sababu kabichi haiwezi jua la Mavumbini! Ni mboga ya baridi, wazee wangu. Ikipandwa huku kiangazi haifungi kichwa. Saladi nayo itarefuka kama fimbo na kuwa chungu. Karoti zitakuwa mikia ya panya. Njegere zitapukutisha maua. Mboga ya jua ni bamia! Ni kunde! Ni mchicha! Chukueni hizo, mle mshibe. Hii kabichi..." akaubana mkoba kifuani, machozi yakimtoka, "hii kabichi niachieni mimi mnyonge wenu!"

Mumewe, kule nyuma, akakumbuka. "Uuuuwi!" akalia. "Mwachieni mke wangu kabichi yake! Uuuuwi!"

Kisha Kiboko akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, gudu gudu gudu, kikapanda mpaka masikioni.

"Nyati, umemsikia? Kabichi ni mbaya, haifai, haioti... lakini aachiwe yeye!"

"Nimemsikia," akasema Nyati. "Wee kijitu, unatuona sisi watoto? Toa miguu yako hapo!"

"Wazee wangu, nasema kweli!"

"Kweli? Wewe? Siku utakayosema kweli wewe, mimi nitataga mayai!"

Bi Kanga akainua shingo. "Bwana Nyati, usije ukajuta. Maneno ya Mama Sikujua nimeyasikia, na wote hapa tumeyasikia."

"Tumeyasikia, ndiyo maana tunachukua kabichi! Na saladi! Na karoti! Na njegere! Zote! Sheria ni sheria, mdogo asiiguse hata mbegu moja ya mkoba huu."

"Hata moja?" akauliza Digidigi kwa sauti nyembamba.

"Hata moja!"

"Basi," akasema Digidigi, akijifuta macho, "ikiwa ndivyo, sisi wadogo tutafanyaje? Tutagawana hivi vibuyu vilivyobaki."

Wakaviokota vibuyu taratibu, vichwa chini, kama watu wanaotoka mazishini. Walipokwisha pita kona, mumewe akamnong'oneza, "Nimelia vizuri?"

"Umelia mno. Karibu unichekeshe."

Haya, kazi ikaanza. Nyati na Kiboko walilima bonde la chini, wakapanda mbegu zao kwenye ule udongo mweusi wenye unyevu. Siku za mwanzo, nisiwafiche, ziliota vizuri. Vijani vya kijani vikajipanga, safi kama shuka mpya.

"Angalieni sasa!" Nyati alikuwa akipaza sauti kuelekea kule ukingoni. "Kabichi haioti, eti!"

Digidigi na mumewe na majirani zao wadogo walikuwa juu kwenye mchanga, wakifanya kama wazee wao walivyofanya. Mbegu za bamia waliziloweka maji kabla ya kuzipanda, maana ganda lake ni gumu. Mchicha waliutawanya, kisha wakaufunika kwa udongo mwembamba. Kunde wakazipanda katikati ya bamia, zitambae na kuifunika ardhi. Juu ya matuta wakatandaza nyasi kavu ili jua lisinywe maji yao. Alfajiri wanamwagilia, jioni wanamwagilia, mchana wanajilaza. Na wakati mwingine Digidigi aliketi peke yake mwisho wa tuta, akachota udongo na kuupeleka shavuni, akakaa hivyo kwa muda. Mumewe alikuwa akimwona, naye alimwacha.

Jua likakaza. Ndipo likaja lile jua lenyewe, jua la kupasua mawe.

Wiki ya tatu wadogo walikuwa wanachuma mchicha. Wiki ya nne wanachuma majani ya kunde. Kisha bamia zikachanua, maua ya manjano yenye moyo wa zambarau, na zikaanza kuzaa. Leo unachuma, kesho kutwa unachuma tena. Nyanya chungu zikaning'inia. Sikujua alinenepa mpaka mbavu zake zikapotea.

Na bondeni?

"Kiboko," akasema Nyati siku moja, "mbona hii kabichi inanitazama tu? Inatandaza majani, haijikunji."

"Mwagia maji!"

Wakamwagia maji saa sita mchana, pwaa! Majani yakalala kama masikio ya mbwa mgonjwa. Viwavi wakaja, wakala mpaka yakabaki matundu. Saladi ikachipuka juu, juu, juu, ikawa fimbo yenye maua. Kiboko akaing'ata.

"Ptuu! Ptuu! Chungu kama mwarobaini!"

Wakang'oa karoti. Puu, Nyati akaanguka kwa nguvu alizotia, akashika mkononi kitu chembamba kama uzi. Njegere zikachanua asubuhi, jioni maua yote yakawa chini.

Nyati aliketi kati ya matuta yake. Tumbo likalia, nguruu. Akanusa. Kutoka kule juu ukingoni upepo ulileta harufu ya mlenda na bamia zinazochemka.

"Ametudanganya!" akanguruma.

"Ametudanganya!" akaitikia Kiboko. "Twende tukakanyage bustani yake!"

Wakapanda mlima, gudum, gudum, gudum! Vumbi likafunika kijiji. Digidigi alikuwa anachuma bamia. Alipogeuka, pembe za Nyati zilikuwa mbele ya uso wake, na miguu ya Kiboko ilikuwa inchi chache tu kutoka kwenye tuta la kwanza. Nyuma yake alikuwa Sikujua, na nyuma ya Sikujua bustani yote. Mumewe akaja mbio, akasimama kando yake na vile vipembe vyake vya ukucha.

"Leo mtaisha!" akasema Nyati.

"Kwe-kwe-kwe-kweee! Kwe-kwe-kwe-kweee!" Bi Kanga alikuwa juu ya paa la jiko lake, anaita kwa sauti ya kupasua masikio. Milango ikafunguka. Ngiri akaja, Nungunungu akaja, Pimbi wakaja ishirini, kijiji chote kikaizunguka bustani.

"Kabla hujaweka mguu hapo, Mzee Kiboko," akasema Bi Kanga, akihema, "tuelezwe kosa lake mbele ya watu."

"Ametudanganya!" akafoka Kiboko. "Tumekosa mboga kwa ajili yake!"

"Alisema nini?"

Nyati akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. "Alisema... alisema kabichi haifungi kichwa kwenye jua la huku."

"Na je, ilifunga?"

"Haikufunga."

"Alisema nini tena?"

"Kwamba saladi itakuwa chungu," akasema Nyati, sauti inashuka.

"Nyati, nyamaza!" Kiboko akanong'ona.

"Na karoti mikia ya panya. Na kwamba tupande bamia na kunde tushibe."

Pimbi mmoja akacheka, kikiki. Wa pili akacheka. Mara kijiji kizima kikaangua kicheko. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. Nungunungu akauliza kutoka nyuma, kwa sauti kubwa, "Bwana Nyati, hayo mayai utataga lini?"

Nyati aliinamisha pembe kwa aibu. Kisha akamtazama Digidigi kwa makini, pengine kwa mara ya kwanza.

"Lakini ulijua hatutakuamini," akasema polepole. "Ulijua!"

"Nilijua, Bwana Nyati. Sikatai."

"Kwa hiyo ni hila!"

"Ni hila. Siku ile ya kuchagua, ninyi mlinitazama mimi uso. Mngetazama jua, leo mngekuwa mmeshiba."

Digidigi akaweka chini bamia alizochuma. "Mwaka jana," akasema, "mama yangu alikufa jikoni kwake peke yake, kwa sababu mbegu zilizokuwa za wote mlizifanya zenu. Ningeweza leo kuwaacha mfe na ninyi. Nimekaa usiku na mchana nikitaka niwaache."

Kiboko akatazama chini. Mdomo wake mkubwa haukujua pa kukaa.

"Sikulijua hilo, Mama Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Bi Kanga akakohoa kidogo. "Unataka wafanywe nini?"

Digidigi akavuta pumzi. "Sheria yao ifutwe leo, hapa, kwa midomo yao. Bonde liwe la wote tena na vibuyu viwe vya wote. Na maji ya kumwagilia mpaka mvua zije, wabebe wao, maana ndio wenye mabega. Wakikubali, wakae wale."

Wakakubali. Walikuwa na njaa, wajukuu zangu, na njaa haina kiburi. Wakaifuta sheria yao kwa sauti, kila mtu akasikia, kisha wakakaa chini kwenye mkeka kama watoto. Mume wa Digidigi akaleta chungu cha bamia na majani ya kunde. Nyati akanywa mchuzi wa kwanza, sururu! Akaacha kutafuna. Macho yake yakajaa maji.

"Mama yangu alikuwa akipika hivi hivi," akasema, "nikiwa ndama. Na jirani zetu walikuwa wakituletea bakuli."

Wengine walikuwa wanafuta macho yao wenyewe.

Kiangazi kikaisha, mvua zikaja, zikaenda. Kiangazi kingine kikabisha hodi. Siku ya kuchagua mbegu ilipofika, Nyati na Kiboko walitangulia kwa Bi Kanga, wakamkuta Digidigi ameshafika.

"Mama Sikujua," akasema Nyati kwa adabu, "mwaka huu tupande nini?"

"Pandeni bamia," akasema Digidigi.

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Nyati.

"Anasema kweli?" akanong'ona Nyati.

"Sijui," akanong'ona Kiboko. "Hebu muulize tena."

Wakasimama pale juani, wakubwa wale wawili, wakikuna vichwa mpaka kivuli kikahama, na Digidigi kila walipomuuliza akawajibu neno lile lile.

Hadithi yangu nimeimaliza, kunde zenu bado. Na funzo lake ni hili: mwenye kiburi hudanganyika hata kwa ukweli.